Mbao Zilizokosa Harufu

Fiii. Fiii. Fiii.

Mke wa seremala aliisikia filimbi hiyo akiwa uani, mikono yake imo ndani ya beseni la nguo. Alidhani ni birika. Akageuka kutazama jiko. Jiko lilikuwa baridi. Akadhani ni ndege. Akatazama juu ya ukuta. Hapakuwa na ndege.

Fiii. Fiii.

Sauti ilitoka karakanani, nyuma ya ukuta wa mabati. Ilikwenda pamoja na randa. Randa ikisukumwa mbele, kimya. Randa ikirudishwa nyuma, fiii.

Akakausha mikono kwenye nguo yake, akachungulia mlangoni. Mumewe alikuwa ameinamia benchi, analainisha ubao. Jasho lilimtiririka shingoni. Mdomo wake ulikuwa wazi. Filimbi ilitoka puani mwake.

"Kumbe ni wewe!" mkewe alisema. "Nilidhani maji yamechemka."

"Ni vumbi tu."

"Vumbi la miezi mitano?"

"Mama watoto, mimi ni seremala. Ulitaka nivute marashi?"

Seremala huyo, mtaa mzima ulimwita Fundi. Alivuta droo ya benchi akatoa kichupa cha dawa ya pua. Akainua kichwa. Akadondosha matone mawili tundu la kushoto, mawili la kulia. Akavuta kwa nguvu.

"Umeona? Nimefunguka," alisema.

Hakuwa amefunguka. Wote wawili walijua.

Fundi alitengeneza masanduku ya nguo, na masanduku yake yalisifiwa. Lakini mwenyewe hakujivunia masanduku. Alijivunia pua. Alikuwa na uwezo wa kutambua ubao kwa kuunusa, macho yake yakiwa yamefumbwa. Mwalimu wake wa useremala alimfundisha hivyo tangu akiwa mwanafunzi. Unapiga randa mara moja. Unaokota randa, lile ganda jembamba la ubao lililojikunja, kwa mkono wa kushoto. Unaziba tundu la pua la kulia kwa kidole. Unanusa kwa tundu la kushoto peke yake.

"Matundu mawili yanabishana," mwalimu wake alikuwa akisema. "Tumia moja, upate jibu moja."

Miaka ishirini na miwili Fundi alinusa hivyo. Kushoto tu. Hakuwahi kubadili, kama mtu asivyobadili mkono wa kulia chakula.

Asubuhi hiyo alikuwa akitengeneza sanduku la mwerezi. Mwerezi una harufu kali na tamu. Nondo hawaipendi, ndiyo maana blanketi zikiwekwa ndani ya sanduku la mwerezi hazitobolewi. Mteja wa sanduku hilo alikuwa Tabibu, mwanamke anayetibu watu kwenye zahanati ya mtaa ule.

Fundi akaokota randa jembamba. Akaziba kulia. Akanusa.

Hakuna kitu.

Akapiga randa ubao mwingine. Akanusa. Hakuna kitu. Akachukua ubao wa tatu. Ulikuwa kama karatasi, kama maji, kama hewa.

Akasimama akafikiri. Kikombe cha chai kilikuwa kando ya nyundo. Akakiinua. Harufu ya chai aliisikia. Akafungua kopo la gundi. Harufu ya gundi aliisikia pia. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Pua yangu nzima," alisema. "Chai inanuka. Gundi inanuka. Mbao ndizo hazinuki."

Mbao zile alizinunua kwa Mama Mbao. Na Mama Mbao alikuwa dada mkubwa wa mkewe.

*

Shaka ikiingia kwa mtu haikai kwenye kiti kimoja. Inazunguka nyumba nzima.

Kwanza Fundi alishuku kwamba Mama Mbao anamuuzia mti mwingine uliopakwa rangi. Akakwangua ubao kwa patasi. Rangi ilikuwa ileile mpaka ndani. Basi akashuku jambo kubwa zaidi. Alishuku kwamba Mama Mbao anazichemsha mbao, anakamua mafuta yake, anawauzia watengeneza manukato. Kinachobaki ndicho anachomletea yeye, shemeji yake, mjinga wa familia.

Akaanza uchunguzi. Alipita uwanja wa mbao akijidai anatafuta bawaba. Alichungulia nyuma ya stoo kuona kama kuna pipa la kuchemshia. Aliona pipa. Lilikuwa na maji ya mvua na bata mmoja. Hata bata alimtazama kwa jicho la pembeni.

Siku nyingine alimkuta mkewe amesimama na dada yake kwenye kona ya uwanja. Walikuwa wananong'ona. Walipomwona, wakanyamaza.

"Mnaongea nini?" aliuliza.

"Mambo ya wanawake," mkewe alijibu, akakunja kitu haraka na kukificha kiganjani.

Fundi akaondoka akipiga filimbi ya pua. Sasa alijua. Wamepanga. Mtu na dada yake.

Ni kweli walikuwa na siri. Lakini siri hiyo haikuhusu mbao.

Kitu alichokificha mkewe kilikuwa leso, ile ndogo ya kufutia pua. Wiki tatu mfululizo, kila alipofua, alikuta doa kwenye leso za mumewe. Doa la rangi ya waridi, lenye utelezi. Siku ya kwanza alimuuliza.

"Ni vanishi," Fundi alisema.

Mkewe hakubisha. Alikwenda uani akainusa leso. Vanishi ina harufu inayopanda mpaka utosini. Leso ile haikuwa na harufu ya vanishi hata kidogo. Akajua mumewe anamdanganya. Naye akaanza kumchunguza.

Aliona mambo. Aliona kuwa anapojipangusa, hujipangusa upande wa kushoto tu. Aliona jicho lake la kushoto linatoa machozi, hata pasipo vumbi, hata pasipo kitunguu. Aliona kichupa cha dawa kilichotakiwa kukaa mwezi kinaisha kwa siku nne. Na wakati mwingine, alipomtazama kwa kuibia, alimwona akijibonyeza shavu la kushoto kwa vidole, kama mtu anayejaribu tunda kama limeiva.

"Ananificha kitu, dada," alimwambia Mama Mbao siku ile kwenye kona. "Nikimuuliza anakuwa mkali."

"Mkali?" Mama Mbao alisema. "Mume wako siku hizi ananitazama kama nimeiba ng'ombe. Juzi nimemkuta anachungulia pipa la bata wangu."

*

Fundi alikuwa ameshawanong'oneza wateja wake kwamba kuna mtu anachemsha mbao. Mambo yalipasuka siku ya Jumamosi.

Mteja mmoja alikwenda kwa Mama Mbao akamuuliza, bila haya, kama ni kweli anachemsha mbao. Mama Mbao alifunga lango la uwanja wake, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka. Watu walimpisha.

Karakanani alimkuta Fundi na mkewe. Mkewe alikuwa amemletea chai.

"Shemeji!" Mama Mbao alisema kutoka mlangoni. "Niambie mbele ya mdogo wangu. Mimi nachemsha mbao?"

Fundi aliweka randa chini. "Sikutaja jina."

"Uwanja wa mbao hapa ni mmoja. Ulitaka watu wadhani ni nani, bata?"

"Shemeji, mwerezi wako haunuki."

"Unanuka!"

"Haunuki! Miaka ishirini na miwili nanusa mbao. Nimenusa mbao wewe ukiwa bado unauza vitumbua."

"Na vitumbua vyangu vilikuwa vinanuka pia, na ulikuwa unakopa!"

Mkewe Fundi alisimama katikati yao na kikombe mkononi. Hakujua amwage chai au ainywe.

Hapo ndipo mtu alipobisha mlango uliokuwa wazi. Alikuwa Tabibu. Alikuja kutazama sanduku lake.

"Hodi. Naona nimekuja kwenye mkutano."

"Karibu, Daktari," Mama Mbao alisema. "Wewe ndiye shahidi wangu. Sanduku ni lako. Njoo unuse."

Akapiga randa ubao mwenyewe, kwa mkono wa mtu anayejua. Akampa Tabibu lile randa jembamba. Tabibu akanusa, akatabasamu.

"Mwerezi. Mtamu kabisa."

Akampa mdogo wake. Mkewe Fundi akanusa. "Unanuka, Baba watoto. Mkali hata."

Fundi aliwatazama, mmoja mmoja. Wanawake watatu. Dada, mdogo wake, na daktari wao.

"Mmepanga," alisema polepole. "Lini mlikaa kikao?"

"Maskini," Mama Mbao alisema. "Amekuwa kichaa."

"Leta hapa!" Fundi akampokonya lile randa. Akaziba tundu la kulia. Akavuta kwa nguvu zake zote. Fiiii. Filimbi ilipiga mpaka mwisho. "Hakuna kitu! Naapa mbele ya Mungu, hakuna kitu!"

Tabibu alikuwa ameacha kutabasamu. Hakutazama tena ubao. Alitazama kidole cha Fundi.

"Fundi, kila siku unanusa hivyo? Umeziba upande mmoja?"

"Kila siku. Ndiyo kazi."

"Kila siku upande huo?"

"Kushoto. Ndiyo."

"Sasa nisaidie kitu kimoja. Ziba kushoto. Nusa kwa kulia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina shaka."

"Na mimi?" Mama Mbao aliruka.

"Si na wewe, Mama."

Fundi alisita. Hakuwahi kufanya hivyo tangu utoto wa kazi. Alibadili vidole kwa uzito, kama mtu anayejaribu kuandika kwa mkono asiouzoea. Akaziba kushoto. Akanusa.

Mwerezi ukamwingia kichwani. Wote. Utamu wake, ukali wake, ile harufu ya masanduku yote aliyowahi kufunga. Akafumba macho.

Mama Mbao aliweka randa juu ya benchi.

"Unanuka," Fundi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Chai na gundi ulikuwa unavisikia kwa tundu la kulia," Tabibu alisema. "Mbao ulizinusa kwa kushoto peke yake. Kwa hiyo ulidhani pua ni nzima na mbao ni mbovu."

Fundi alikaa juu ya gogo. Alimtazama shemeji yake, kisha akatazama sakafu. Sakafuni mlikuwa na maranda mengi, na yote yalinuka.

*

Tabibu alivuta kigoda. Mkewe Fundi alimpa ile chai iliyoponea chupuchupu.

"Imeziba tangu lini?" Tabibu aliuliza.

"Siku chache," Fundi alisema.

"Miezi mitano," mkewe alisema.

"Inatoa damu?"

"Hapana."

Mkewe akatoa leso mfukoni, akaikunjua juu ya benchi. Doa la waridi lilikuwa pale, mbele ya wote. "Wiki tatu," alisema. "Ananiambia ni vanishi."

Fundi alitaka kukasirika. Hakupata nafasi. Sauti ya mkewe ilikuwa inatetemeka.

"Jicho hilo linatoa machozi tangu lini?" Tabibu aliendelea. "Unaona vitu viwili viwili? Shavu limekufa ganzi? Meno ya juu yanalegea?"

"Jicho kama mwezi mmoja. Mengine hapana. Shavu linauma kidogo. Lakini Daktari, mafua kila mtu anapata."

"Kweli. Na mafua ni mgeni asiyekaa. Siku saba, siku kumi, ameondoka. Watu wengine wana mzio. Vumbi au chavua, ule unga wa maua, ikiingia, wanapiga chafya, pua inawasha, inaziba. Lakini huziba huku na huku, au hubadilishana. Wewe yako imeziba upande mmoja, haihami. Inatoa damu upande huohuo. Jicho la upande huohuo linalia. Umepoteza harufu upande huohuo. Hayo nikiyaona pamoja, silali na shaka yangu. Naipeleka kwa bingwa."

"Na kama ingekuwa imeziba pande zote mbili?" mkewe aliuliza.

"Ikizidi wiki tatu au nne bila nafuu, njoo zahanati tuitazame. Tunajaribu dawa inayofaa. Ikifika miezi mitatu bado imeziba, hata kama haina damu, hata kama ni pande zote, bingwa aione. Lakini upande mmoja pamoja na damu, hatusubiri miezi mitatu. Uso ukivimba, macho yakianza kuona vibaya, au mtu akigongwa kichwa kisha maji meupe kama ya kisima yanachuruzika puani, ni hospitali siku hiyohiyo."

"Mjukuu wangu alitoa uchafu tundu moja," Mama Mbao alisema. "Ulinuka vibaya! Kumbe kabinti kaliingiza shanga."

"Ndiyo. Mtoto akitoa uchafu wenye harufu tundu moja, shuku kitu kimekwama. Usikichokoe, utakisukuma ndani. Mlete. Na ikiwa ni betri ndogo ya saa, kimbia naye wakati huohuo. Inaunguza nyama."

Tabibu akanyoosha mkono. "Nipe kichupa."

Fundi akafungua droo. Hakuwa na kichupa kimoja. Vilikuwa kumi na vitatu, kumi na viwili vitupu, vimepangwa kama askari kwenye gwaride.

"Matone haya ni ya siku tano hivi," Tabibu alisema. "Ukizidisha, pua inayazoea. Ukiyaacha kidogo inavimba zaidi, nawe unaongeza tena. Lakini hayo ndiyo madogo. Kubwa ni kwamba yamekuficha ugonjwa. Ulikuwa unafungua mlango huku hujui nani amesimama nyuma yake."

"Ni nani?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Mimi ni tabibu. Sina kifaa cha kuchungulia mpaka kule. Inaweza kuwa kinyama kilichoota ndani, kisicho na madhara. Inaweza kuwa uvimbe. Maseremala wanaovuta vumbi la mbao miaka mingi wako kwenye hatari zaidi kuliko watu wengine. Sikutishi. Nakwambia kwa nini usikae."

"Uvimbe gani?"

Tabibu hakuzunguka. "Mara chache, ni saratani. Na ikiwa ni hiyo, ikijulikana mapema inatibika vizuri zaidi. Ndiyo maana nataka uende wiki hii."

Aliandika barua pale pale, juu ya benchi, kwa kalamu ya seremala. Akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha, akaifunga.

*

Barua ilikaa chini ya kopo la misumari siku nne.

Fundi sasa aliishuku barua. Kwa nini imefungwa? Kimeandikwa nini ambacho yeye hatakiwi kukiona? Pengine imeandikwa, mkateni pua. Alijiona akirudi nyumbani na tundu usoni. Alimkumbuka mtu mmoja wa zamani aliyekwenda hospitali akiwa anatembea, akarudi amebebwa. Hakujua mtu huyo aliumwa nini wala alichelewa miezi mingapi. Alikumbuka kubebwa tu.

Siku ya tano mbao zilimwishia. Alikwenda uwanjani kwa Mama Mbao. Mama Mbao alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, miguu yake imening'inia.

"Nataka mbao sita za mwerezi, shemeji."

"Umeonwa na bingwa?"

"Bado nina kazi."

"Basi sina mbao."

"Umekalia nini hapo?"

"Nimekalia mbao zilizochemshwa. Hazikufai." Akashuka, akamkaribia. Alipunguza sauti. "Shemeji, ulinivunjia heshima mtaa mzima. Nimeyameza. Lakini mdogo wangu analia jikoni, anajidai ni moshi. Hilo sitalimeza. Hupati hata kipande cha kuchokolea meno mpaka uonwe."

Fundi alirudi karakanani mikono mitupu. Akaondoa kopo la misumari. Akaichana bahasha.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema: mgonjwa huyu amefanya useremala miaka ishirini na miwili. Pua imeziba upande wa kushoto tu kwa miezi mitano. Damu kwa wiki tatu. Jicho la kushoto linatoa machozi. Hasikii harufu upande huo. Naomba aonwe mapema.

Aliisoma mara tatu, akitafuta njama. Hakuikuta. Alikuta mambo yake mwenyewe, yote ya kweli, yale aliyomficha mkewe. Yakiwa yamepangwa hivyo, kwa mwandiko wa kutulia, hata yeye aliona kuwa si vumbi.

Akamwita mkewe. "Vaa. Twende."

*

Bingwa wa masikio, pua na koo alikuwa kijana. Fundi alimtazama kuanzia viatu mpaka miwani.

"Wewe ndiye bingwa, au ndiye unayemshikia bingwa mlango?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Mlango unajishika wenyewe."

Mkewe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima.

Kijana alimpulizia dawa ya ganzi puani. Kisha akachukua mrija mwembamba, mwembamba kuliko penseli, wenye taa kwenye ncha. Fundi alishika mikono ya kiti.

"Utakata?"

"Leo nachungulia. Nikitaka kuchukua kipande cha kupima, nitakwambia kwanza, nawe utakubali au utakataa."

Picha ilionekana kwenye skrini. Tundu la kulia lilikuwa pango jekundu, safi. Tundu la kushoto halikuwa pango. Lilijaa kitu cha kijivu chenye vinundu, kama zabibu zilizobanana. Kilivuja damu mrija ulipokigusa.

Fundi alikinyooshea kidole. "Huyo ndiye mwizi wa harufu yangu?"

"Ndiye. Na jina lake bado silijui. Naomba ruhusa nichukue kipande, kiende maabara. Kisha tupige picha ya kichwa tuone kimefika wapi."

"Na ukikikuta kibaya?"

"Tutakijua, na tutapanga pamoja. Kibaya zaidi ni kile tusichokijua."

Fundi alimgeukia mkewe. Miezi mitano alimwambia uongo. Sasa alimwomba shauri kwa macho tu. Mkewe akatikisa kichwa kukubali.

"Chukua," Fundi alisema.

Walingoja majibu siku kumi na mbili. Katika siku hizo Fundi hakumshuku mtu. Hakuwa na nafasi. Woga ulikuwa umekalia viti vyote.

Siku ya majibu kijana aliwakaribisha wakae, lakini alisema neno kabla hawajakaa. "Si saratani."

Mkewe Fundi alikaa chini kwa kishindo.

"Lakini msishangilie bado," kijana aliendelea. "Ni uvimbe wa aina inayokula mahali inapokaa. Ukiachwa, unaweza kugeuka saratani baadaye. Lazima utolewe wote. Nitapitia puani kwa vifaa vidogo, sitapasua uso. Na hata ukitoka, una tabia ya kurudi kimyakimya. Itabidi nikuchungulie kila miezi mitatu mwanzoni, kisha mara chache zaidi, kwa miaka kadhaa. Hata ukijisikia mzima."

"Je, kama ningekaa mwaka mmoja zaidi?" Fundi aliuliza.

"Ungekuja baada ya mwaka mmoja, labda tusingekuwa tunaongea hivi."

*

Fundi alifanyiwa upasuaji. Alirudi nyumbani anatembea, pua yake ipo usoni. Watoto waliihesabu: moja.

Karakana ilibadilika. Fundi alikata dirisha la pili kwenye mabati, upepo uingie huku utokee kule. Aliacha kufagia vumbi kavu. Sasa alinyunyiza maji kwanza. Alivaa barakoa nzuri ya kuzuia vumbi, inayobana vizuri usoni, hasa akipiga msasa au akikata kwa msumeno. Vichupa kumi na vitatu vilitupwa. Mahali pake palikaa maji ya chumvi ya kusafishia pua aliyopewa hospitali.

Wiki ya nane baada ya upasuaji alimaliza sanduku la Tabibu. Kisha akavaa shati safi akaenda uwanja wa mbao. Ilikuwa Jumamosi, wateja walikuwa wengi. Mkewe alifuatana naye.

"Umekuja kuchungulia bata?" Mama Mbao aliuliza.

"Nimekuja kununua mbao. Lakini kwanza nijaribu."

Mama Mbao akapiga randa ubao. Fundi akafumba macho. Akaziba tundu la kulia. Akavuta pumzi. Hakukuwa na filimbi. Pumzi iliingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Alikaa hivyo. Wateja wakasogea karibu.

"Iko mbali," Fundi alisema. "Inakuja polepole. Lakini inakuja." Akafumbua macho, nayo yote mawili yalikuwa na machozi. "Mwerezi."

"Uliochemshwa au mbichi?" Mama Mbao aliuliza, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Fundi hakucheka. Aliwageukia wateja.

"Jamani, mimi ndiye niliyesema mama huyu anachemsha mbao. Nilisema uongo. Mbao zilikuwa nzima. Pua yangu ndiyo ilikuwa mgonjwa, nami nilimficha mke wangu, nikawasingizia watu."

Kisha akamshika shemeji yake mkono, mkono uliojaa unga wa mbao.

"Shemeji, nakuahidi mbele ya watu hawa, na mdogo wako asikie. Kila mara bingwa atakaponiita, nitakwenda. Pua ikiwa wazi nitakwenda, ikiwa imeziba nitakimbia. Na siku nikianza tena kushuku mbao zako, sitakuja kuchungulia pipa. Nitaishuku kwanza pua hii, nami nitamwambia mke wangu siku hiyohiyo."